Baiskeli ya resi ya chuma ya zamani imegoma? Soma dalili kwanza, nyundo baadaye

Umepata fremu ya chuma ya zamani, zile za miaka ya 60 hadi 80, mabomba membamba, lagi (zile soketi za chuma zinazounganisha mabomba) zimechongwa vizuri kwenye viungo, leva za gia ziko kwenye bomba la chini, alafu kitu cha kwanza unachowaza ni rangi. Acha rangi kwanza. Nimeona mtu kapaka fremu ikang'aa kama sahani mpya, wiki ya pili ndo anagundua paipu ya siti, ile inayobeba siti, imeng'ang'ania ndani ya fremu, anaanza kuichoma na moto wa gesi na rangi yote inavimba mapovu mbele ya macho yake.

Mimi nimefufua kadhaa na nyingine nimeziharibu mwenyewe kwa mikono yangu, kwa hiyo haya nayoandika mengi nimeyalipia. Ukiniuliza matatizo ya hizi baiskeli yanatoka wapi ntakwambia sehemu mbili: kutu iliyounganisha metali mbili tofauti, na mtu aliyekutangulia ambaye alilazimisha kitu cha kipimo kimoja kiingie kwenye kipimo kingine. Uchakavu wa kawaida ni wa tatu, na huo ndo rahisi, unanunua kipya unafunga. Shida ni kwamba zamani kila nchi ilikuwa na vipimo vyake, Uingereza yake, Ufaransa yake, Italia yake, na vinakaribiana kiasi kwamba kitu kibaya kinaanza kuingia vizuri tu alafu kinakwama katikati. Kwa hiyo kabla ya spana tafuta venia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na upana), sumaku ndogo, uzi mrefu na tochi. Hivyo vinne vitakuokoa kuliko nyundo yoyote.

Kabla ya yote: fremu yenyewe ni nzima?

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma kidogo ya pale linapoungana na bomba la mbele la usukani. Fanya hivyo pia chini ya bomba la juu. Ukisikia kama kuna kimkunjo, au rangi imepasuka mistari midogo ya kukata bomba, hiyo baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nayo iangalie kwa pembeni, mstari wa juu wa foku na bomba la mbele unatakiwa unyooke mpaka pale foku inapoanza kupinda kwenda mbele, ikionekana imerudi nyuma ujue ndo hilo hilo. Kimkunjo si mwisho wa dunia, chuma kinabadilishwa bomba na fundi anayejua kuchomelea kwa shaba, ila usianze kununua vifaa vingine kabla hujaamua hilo.

Nyufa zitafute kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli na kwenye kingo za lagi. Kutu ya juu isikutishe. Inayotisha ni ya ndani, na hiyo inakaa chini kabisa pale kwenye boksi la krenki (inapozungukia mikono ya pedeli) maana maji yote yanatelemkia huko. Ukishatoa krenki mulika tochi ndani, bonyeza na kitu chenye ncha, kama chuma kinabonyea au kinatoa magamba manene, hapo hamna fremu.

Paipu ya siti haitoki

Hili ndo tatizo namba moja na ntakaa hapa muda kidogo.

Kwanza weka sumaku kwenye paipu. Ikishika ni chuma, isiposhika ni alumini, na tofauti hii inabadili kila kitu. Alumini ndani ya chuma ukiongeza unyevu na jasho inatengeneza ule unga mweupe, na huo unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, kwa hiyo unavimba ndani ya bomba na kujibana kama kabari pande zote.

Toa bolti ya kubana siti kabisa, usiilegeze tu, iondoe. Alafu toa krenki na botomu braketi (ekseli ya krenki na gololi zake), pindua baiskeli juu chini, umwagie mafuta ya kupenya kutu kupitia kule chini, yatelemke mpaka kwenye mwisho wa paipu. Watu wengi wanamwagia juu tu, mafuta yanaingia kidogo yanaishia hapo. Mwagia leo, mwagia kesho, mwagia keshokutwa, gonga gonga kidogo kwa nyundo ya mpira kila ukimwagia. Wiki nzima ni muda wa kawaida. Kwa alumini amonia nayo inasaidia kula ule unga mweupe, ila fanyia nje penye hewa na usije ukaichanganya na dawa ya kufulia yenye klorini, ile hewa inayotoka inaua.

Ikifika siku ya kuvuta, usishike fremu kwenye jiriwa. Shika kichwa cha paipu kwenye jiriwa, alafu zungusha fremu nzima kwa kushika mbele na nyuma kama unageuza usukani wa lori. Fremu ndo leva yako ndefu. Nenda taratibu, sikilizia. Kuna sauti kama ya mlango mkavu, kriiii, ikitoka hiyo usishangilie, rudisha ulikotoka, mwagia mafuta tena, zungusha tena kidogo zaidi. Ya kwangu ya mwisho ilitoka na pete ya unga mweupe umeganda juu yake kama chumvi kwenye sufuria iliyokauka, na mikwaruzo mirefu ya alumini iliyochunika.

Joto na baridi: alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo ukipasha vyote viwili pamoja unazidi kuibana, japo kule kutanuka kunaweza kuvunja ule unga na ikipoa inaachia. Akili nzuri zaidi ni kuipoza paipu kwa barafu ndani yake huku bomba la fremu ukilimwagia maji ya moto kwa nje, alafu jaribu kuzungusha haraka haraka kabla joto halijalingana.

Ikigoma yote hayo kuna njia mbili za mwisho. Moja ni msumeno: kata paipu ibaki kama sentimita mbili nje, ingiza wembe wa msumeno wa chuma ndani na uchonge mfereji wa kwenda chini taratibu, simama ukiona umekaribia chuma cha fremu, alafu kunja ile kingo kwa ndani kwa praizi. Inachosha mikono vibaya sana. Ya pili ni kostiki soda, ambayo inakula alumini na kuacha chuma, ila inachemka yenyewe, inatoa haidrojeni inayoshika moto, inachoma ngozi na macho na inabandua rangi yote. Kama huna miwani ya kazi, glavu ndefu na sehemu ya wazi isiyo na moto wala sigara, achana nayo. Na kama sumaku ilishika usisumbuke na kostiki kabisa, haitafanya kitu.

Ikishatoka, pima. Fremu nyingi za resi za mabomba mazuri kama Reynolds 531 (yapo tangu 1935) au Columbus SL zinachukua 27.2 mm, nyingine 26.8, 26.4 na kuendelea, zinapishana kwa 0.2 mm. Usipime paipu iliyotoka ukaamini moja kwa moja, maana huenda ndo iliyolazimishwa. Angalia yale masikio mawili ya kubana siti: yakiwa yameinamiana mpaka yamegusana, mtu aliweka paipu nyembamba akakaza mpaka fremu ikakubali. Hapo ndo unapata dalili ya siti inayoshuka kidogo kidogo ukiwa njiani na ukikaza zaidi haisaidii. Yanyooshe masikio taratibu, pima tundu lenyewe kwa ndani chini kidogo ya lagi, nunua paipu sahihi, paka grisi nyingi. Ukipita miezi kadhaa itoe, futa, paka tena.

Stemu haishuki wala haitoki

Hii ni fupi. Stemu, ile shingo inayoshika usukani, za zamani zinabanwa na kabari ndani ya foku. Legeza bolti ya juu mizunguko mitatu minne, usiitoe, weka kibao juu yake na gonga. Bolti ikishuka ghafla kabari imeachia. Bolti imeshuka lakini stemu bado imegoma? Basi ni ule ule ugonjwa wa alumini na chuma, toa gurudumu la mbele, pindua, mwagia mafuta kupitia tundu la chini ya foku. Nyingi ni 22.2 mm, za Kifaransa 22.0, na hiyo 0.2 ndo inafanya stemu nzuri ikwame kwenye foku ya Kifaransa, watu wanaipunguza kwa msasa na inakubali. Ikishatoka safisha uangalie nyufa, na angalia usukani pale unapobanwa katikati. Alumini ya miaka 40 au 50 inachoka na haitoi taarifa. Mimi usukani wenye mstari hata mmoja nisioelewa ni wa nini, nautupa.

Krenki inagonga au inacheza

Shika mikono yote miwili ya krenki utikise pembeni. Ikicheza pande zote kwa pamoja tatizo liko kwenye gololi na vikombe vinavyozishika. Ukicheza mkono mmoja tu na mwingine umetulia, ni pale mkono unapokaa kwenye ekseli.

Kama krenki zinashikwa na kota pini (pini ya kabari inayopita kwenye krenki na ekseli) utasikia mgongo mmoja, ko, kila mzunguko, hasa ukipanda mlima. Pini imelika au ilikuwa nyembamba tangu mwanzo. Za Kiingereza nyingi ni 9.5 mm na za Kifaransa 9.0, na pini ya 9.0 kwenye tundu la 9.5 ukiigonga sana inashika wiki mbili alafu inaanza. Kuitoa: rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini ili usiharibu nyuzi, weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki kiegemee sakafuni, alafu piga pigo moja la maana. Bila kile kipande cha bomba nguvu yote inaenda kwenye gololi na unazichapa kwenye vikombe vyake, umetengeneza tatizo la pili. Pini mpya inataka kuchongwa kidogo kwa tupa ule upande bapa, na mbili ziingie kwa mwelekeo tofauti, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja. Endesha kilomita chache, kaza tena.

Kama ekseli ni ya kichwa cha pembe nne na krenki ni za alumini, mkono unaocheza maana yake mtu aliendesha ukiwa umelegea na lile tundu la pembe nne limegeuka duara. Huo mkono haukazwi tena, unabadilishwa. Na kuutoa kunahitaji kile kifaa cha kusukuma chenye nyuzi za 22 mm. Sasa angalia: krenki za kampuni ya TA zinataka 23 mm, za zamani za Stronglight 23.35. Kifaa cha 22 kwenye hizo kinaingia kikiwa kimelegea, unaona sawa tu, unakaza, kinachomoka na nyuzi zote za alumini mkononi.

Tukija kwenye vikombe vyenyewe, hapa ndo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Nilikuwa nimezoea fremu za Kiingereza, ambazo kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume, yaani kukifungua unazungusha kisaa, kama mishale ya saa. Nikapata fremu, sikuuliza, nikaweka spana upande wa kulia nikazungusha kisaa, kikagoma, nikaongeza bomba kwenye spana, kikagoma, nikapanda juu ya bomba. Ile fremu ilikuwa ya Kifaransa. Nyuzi zake za kulia ni za kawaida, kwa hiyo nilichokuwa nafanya muda wote ule ni kukikaza. Nililainisha kingo zote za kikombe na mpaka leo kimo humo humo.

Kwa hiyo pima kabla. Boksi la Kiingereza lina upana wa 68 mm na nyuzi za nje za kikombe ni inchi 1.37, kwenye kalipa unasoma karibu 34.8 mm, kulia ni kinyume. La Kiitaliano ni 70 mm kwa upana, kikombe 36 mm, pande zote kawaida, na ndo maana kikombe cha kulia cha Kiitaliano kina tabia ya kujifungua chenyewe ukiendesha, kikaze haswa. La Kifaransa ni 68 mm pia, kikombe 35 mm, pande zote kawaida. La Uswisi ni 35 mm kama Kifaransa lakini kulia ni kinyume. Ona Kiingereza na Kifaransa vilivyokaribiana, 34.8 na 35, na hatua za nyuzi (umbali kati ya uzi mmoja na mwingine) nazo zinapishana kidogo sana, kikombe cha Kiingereza kwenye boksi la Kifaransa kinaweza kushika mizunguko michache alafu kinabana. Ukisikia kinabana mapema toa, usitie grisi ukasema kitaingia.

Gololi: robo inchi, 11 kila upande kama hutumii kile kikapu chake. Badilisha zote kwa pamoja kutoka pakiti moja. Gololi moja mpya kati ya za zamani ni kubwa kwa unywele na inabeba mzigo wote peke yake. Ukucha wako upitishe kwenye njia ya gololi ndani ya kikombe, ukikwama kwenye shimo hata dogo, kikombe kimekwisha, na hamna grisi ya kukiponya.

Usukani unanasa katikati

Inua gurudumu la mbele, sukuma usukani kwa kidole kimoja. Ukifika katikati unasikia kama umeingia kwenye kishimo na kukaa hapo? Hizo ni alama za gololi kwenye njia zake za hedseti, yaani zile gololi na vikombe vinavyozungushia usukani. Wengi wanadhani ni kwa sababu ya kugonga mashimo, lakini mara nyingi ni mtikisiko mdogo mdogo wa miaka, usukani umekaa pale pale katikati, grisi imekauka, gololi zinasugua sehemu ile ile.

Dawa ya kweli ni hedseti mpya. Dawa ya kati, ambayo mimi nimetembelea nayo muda mrefu tu, ni kutoa vile vikapu vya gololi na kupanga gololi huru zinazojaa, acha nafasi ya moja tu. Idadi inabadilika kwa hiyo haziangukii kwenye vishimo vile vile.

Ukinunua mpya, tatizo la vipimo linarudi. Kuna kile kipete kinachokaa juu ya foku: foku nyingi za kimataifa ni 26.4 mm, nyingi za Kijapani 27.0. Ukikipiga kipete cha 26.4 kwenye foku ya 27.0 kitapasuka. Na nyuzi za foku za Kifaransa ni 25 mm kwa hatua ya 1 mm, wakati wengine ni inchi moja kwa nyuzi 24 kila inchi. Kama hedseti ya zamani ya fremu ya Kifaransa bado ina maisha, itunze kama mboni ya jicho.

Kulegea ni kitu kingine: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye kiungo cha hedseti. Ukisikia tiki tiki, kaza kidogo, nusu ya nusu ya mzunguko.

Gia zinaruka, au zinajibadilisha zenyewe

Zinajibadilisha ukikandamiza pedeli mlimani: skrubu ya leva imelegea. Hizi leva hazina vituo vya klik, zinashikwa na msuguano tu, ile klik ilianza kuwa kitu cha kawaida baada ya kampuni ya Shimano kutoa mfumo wake wa SIS mwaka 1984. Kaza skrubu kwa mkono, umemaliza. Usije ukapaka mafuta humo ndani.

Zinaruka na cheni inagonga kwenye meno: hiyo ni cheni mpya juu ya meno ya zamani, au vyote viwili vimekwisha. Weka rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24, inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 cheni imekwisha, ikizidi kwa 1/8 na meno yameliwa, ukibadilisha cheni peke yake itaruka tu.

Deraila (kifaa kinachohamisha cheni kwenye meno) za Simplex za plastiki, ile inaitwa Delrin, zipo nyingi sana kwenye baiskeli za Kifaransa, na plastiki yake inapasuka. Ukiona ufa usigundishe na gundi. Mimi huwa naweka SunTour ya zamani badala yake, wao ndo walioanzisha mwaka 1964 ule mtindo wa deraila yenye mwili ulioinama, inafuata meno vizuri, na inabadilisha gia bila ubishi.

Friwili (yale meno ya nyuma) inazunguka mbele na nyuma bila kushika: vile vikucha vya ndani vimegandishwa na grisi ya zamani. Usiifungue. Mwagia mafuta mepesi upande wa nyuma, zungusha, acha ilale ubavu usiku kucha juu ya gazeti, asubuhi utaona uchafu mweusi umetoka, rudia mpaka yatoke safi. Ikianza kulia tiki tiki tiki kwa sauti moja imepona. Kuitoa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kile kifaa chake kibane kwanza na kwiki rilizi (ile leva ya kufungia gurudumu) kisichomoke, ikishaachia robo mzunguko legeza ile kwiki rilizi, la sivyo unaivunja.

Gurudumu la nyuma haliingii, au tairi halikai

Pima kati ya masikio ya nyuma. Za gia 5 nyingi ni 120 mm, za gia 6 na 7 ni 126, magurudumu ya baadaye ni 130. Chuma kinakubali kutanuliwa baridi bila moto, 126 kwenda 130 ni 2 mm kila upande tu, ila fanya upande mmoja mmoja kidogo kidogo, na kila mara funga uzi kutoka sikio la nyuma, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, urudi sikio la pili, alafu pima umbali wa uzi kutoka bomba la siti kulia na kushoto. Vilingane. Baada ya hapo masikio yenyewe yanatakiwa kunyooshwa yaangaliane, yakibaki yameinama ekseli inavunjika, na ekseli za mfumo wa friwili zinavunjika kirahisi hata bila kusaidiwa. Usijaribu hii kwenye fremu ya alumini.

Tairi: usiamini maneno 27 au 700, soma namba ya kipenyo ubavuni. 27 ni 630 mm, 700C ni 622. Tairi ya 630 kwenye rimu ya 622 inaingia kwa raha mno, na hiyo raha ndo dalili, ukijaza upepo inachomoka na tyubu inalipuka. Ukibadilisha magurudumu kutoka 27 kwenda 700C kumbuka rimu inashuka 4 mm, kwa hiyo hakikisha mipira ya breki inafika.

Breki inapiga kelele na haisimami

Mipira imekauka, tupa. Waya na kava lake badilisha vyote, hizi breki za zamani hazina ubaya wowote, ila kava lenye kutu linakula nusu ya nguvu ya kidole chako. Kelele ikibaki, ipinde kidogo mkono wa breki ili ncha ya mbele ya mpira iguse rimu kabla ya nyuma. Rimu za chuma zenye kromu zikilowa hazishiki hata uweke mipira gani, weka za alumini ukipata nafasi.

Kutu na rangi

Fremu yenye kutu unayotaka kuokoa rangi yake na stika zake, iloweke kwenye maji yenye asidi ya oksaliki siku moja, toa kila kitu cha alumini kwanza. Ni sumu, vaa glavu, usivute unga wake. Suuza na maji ya bekingi soda, kausha hapo hapo, pulizia mafuta ndani ya mabomba. Kromu yenye vidoti vya kutu sugua na foili ya jikoni na maji tu, inatosha.

Klik isiyojulikana inatoka wapi

Hii ndo itakayokukosesha usingizi ukishamaliza kila kitu. Acha kupiga pedeli, tembea bure: ikiendelea iko kwenye magurudumu au hedseti. Ikikata, hesabu. Mara moja kila mzunguko wa pedeli ni pedeli, krenki au bolti za meno ya mbele. Mara moja kila mizunguko miwili mitatu ni kiungo kigumu cha cheni, rudisha cheni kinyume taratibu ukiangalia deraila, utakiona kinaruka kikipita. Ikitokea ukivuta usukani tu, ni stemu.

Ya kwangu ilikuwa inalia kila nikikanyaga mguu wa kulia. Nikafungua botomu braketi mara tatu, nikabadilisha gololi, nikabadilisha pedeli, nikabadilisha bolti. Wiki mbili. Siku moja nikasimama juu ya pedeli kupanda kilima na ikanyamaza kimya, nikakaa ikarudi. Nikikanyaga kulia uzito wangu ulikuwa unahama kwenye siti, na reli za siti zilikuwa kavu pale zinapobanwa. Tone moja la grisi.